Huruma ya Mungu ni nini? Maana yake kuanzia Majivu hadi Pasaka

Kwaresima inapokaribia, swali linalozunguka kati ya waamini huwa ni lilelile: mwaka huu unaacha nini? Mmoja anaacha pombe, mwingine nyama, mwingine anaweka simu kando jioni. Si swali baya. Ila likibaki peke yake hujenga picha potofu, kana kwamba siku arobaini ni kipindi cha kulipa deni na Pasaka ndiyo risiti. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanaanzia upande wa pili kabisa: huruma ya Mungu inatangulia, toba ya mtu inaifuata.

Huruma hiyo, kwa maneno mepesi, ni upendo wa Mungu unapokutana na taabu ya mwanadamu, hasa taabu ya dhambi. Haiishii kwenye kusikitika, maana hata anayepita kando barabarani anaweza kusikitika na kuendelea na safari yake. Wala si kufumbia macho uovu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilieleza jambo hili kwa hesabu ndogo: mtu anayedaiwa fedha mia moja, akaamua kutoa mia mbili kutoka mfukoni mwake, hajavunja haki ya mtu yeyote. Ametenda zaidi ya haki. Ndivyo ilivyo Mungu anaposamehe. Haki haifutwi, inapitwa.

Jumatano ya Majivu padre humpaka mwamini majivu ambayo kwa desturi hutokana na matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, huku akimwambia mojawapo ya kauli mbili: akumbuke kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, au atubu na kuiamini Injili. Wengi hukumbuka ile ya kwanza kwa sababu inatisha. Kwa maoni yangu ya pili ndiyo inayobeba kipindi chote, kwa kuwa inaweka toba na imani katika pumzi moja. Hakuna anayemrudia mtu ambaye haamini kwamba atampokea. Somo la nabii Yoeli linalosomwa siku hiyo linawataka watu wararue mioyo yao, wala si mavazi yao, kisha linatoa sababu: kwa kuwa Mungu amejaa neema na huruma. Sababu ya kurudi, basi, haitafutwi katika ukubwa wa dhambi wala katika ubora wa majuto. Inatafutwa katika tabia ya yule anayerudiwa.

Kuhusu kufunga kwenyewe, sheria ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kutokula nyama, siku hizo na Ijumaa za Kwaresima kadiri maaskofu wa mahali walivyoelekeza, kunawahusu waliotimiza miaka 14. Mengine ni hiari. Injili ya Jumatano ile inaweka kufunga pamoja na sala na sadaka, na si kwa bahati: kufunga kusikomfikia mwenye shida ni mlo wa kupunguza uzito tu.

Anayetaka kuona huruma inavyofanya kazi asome taratibu mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15. Husomwa kila mwaka Jumamosi ya juma la pili la Kwaresima, na tena Dominika ya nne katika Mwaka C, wa tatu katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa. Yule kijana, akiwa kwa nguruwe na njaa, anatunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake. Yana sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ameyapanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa usaili. Anapofika, anasema sehemu ya kwanza na ya pili. Ya tatu haisemi. Baba amekwisha wageukia watumishi, anaagiza vazi, pete na viatu. Ombi la kupunguziwa cheo halikupata nafasi ya kutamkwa.

Zaidi ya hapo, Luka anasema baba alimwona "alipokuwa angali mbali", akamwonea huruma, akaenda mbio. Kijana alikuwa hajaungama neno. Kuungama kwake kulikuja baada ya kukumbatiwa, na bado kulikuja: baba hakumzuia kusema nimekosa. Mtu akiyashika mambo haya mawili pamoja, kwamba mbio za baba zilitangulia na kwamba mwana alisema kosa lake waziwazi, amekwisha ielewa sehemu kubwa ya dhana hii. Wapo wanaolishika moja tu. Wengine huhubiri kukumbatiwa bila "nimekosa", wengine "nimekosa" bila kukumbatiwa. Wote wamekata mfano katikati.

Habari ya mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi, Yohane 8, inaonyesha jambo lilelile kwa ukali zaidi. Washitaki wanaondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Mtakatifu Augustino alisema kwamba wakabaki wawili tu, mwenye taabu na Huruma yenyewe, na Papa Fransisko aliyachukua maneno hayo kuwa jina la barua yake ya tarehe 20 Novemba 2016, ya kufunga Mwaka Mtakatifu wa Huruma ulioanza tarehe 8 Desemba 2015. Sentensi ya Yesu kwa yule mama ina nusu mbili: "Wala mimi sikuhukumu", kisha "wala usitende dhambi tena". Anayeitamka nusu moja tu hajamnukuu Yesu.

Kuna kipengele cha huruma ambacho hakipendezi masikioni, nacho kinaletwa na Mathayo 18, injili ya Jumanne ya juma la tatu. Petro anauliza asamehe mara ngapi, na Yesu anajibu kwa mfano wa mtumishi aliyekuwa na deni la talanta elfu kumi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja inakadiriwa kuwa dinari 6,000 hivi. Piga hesabu: dinari milioni 60, yaani kazi ya siku milioni 60, zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika hata siku moja. Mtumishi anaahidi, bila aibu, "nitakulipa yote". Bwana wake hajadiliani naye kuhusu ahadi hiyo ya ajabu, anafuta deni. Mtumishi anatoka nje, anamkuta mwenzake anayedaiwa dinari mia, ujira wa miezi mitatu na kitu, anamkaba koo.

Tusidharau dinari mia. Miezi mitatu ya jasho ni hasara kweli, na mtu aliyetendewa ubaya na ndugu yake hana deni la kubuni. Yesu hasemi kosa la mwenzako ni dogo. Anaziweka hesabu mbili kando kwa kando, halafu anatuacha tuzitazame. Huruma iliyopokelewa ikagoma kupita kwenda kwa mwingine inaharibika mikononi mwa aliyeipokea, na katika mfano ule deni lililofutwa linarudi. Ndiyo maana Kanisa linafundisha matendo ya huruma kumi na manne, saba ya kimwili kama kulisha wenye njaa na kuzika wafu, saba ya kiroho kama kufundisha wasiojua, kufariji wenye huzuni na kuvumilia wasumbufu. Hilo la mwisho, wenye kuishi na watu wanajua, si dogo.

Mahali pa kawaida ambapo Mkatoliki hukutana na huruma hii ana kwa ana ni sakramenti ya Kitubio. Mtu hutafiti dhamiri yake, hujuta, hukusudia kutorudia, huungama kwa padre, hupewa malipizi na kupokea maondoleo. Sala ya maondoleo inaanza kwa kumtaja Mungu, Baba mwenye huruma, aliyeupatanisha ulimwengu naye kwa kifo na ufufuko wa Mwanae. Kwa hiyo kila kitubio, hata kikifanyika katikati ya mwaka siku ya kawaida, kina Pasaka ndani yake. Malipizi, zile sala au tendo ambalo padre humwagiza mtu, si bei ya msamaha. Ni tiba ya majeraha ambayo dhambi imeyaacha. Aliyeiba amesamehewa, lakini mali ya watu bado inatakiwa irudi.

Juma Kuu linatuletea watu wawili waliomkosea Yesu usiku mmoja. Yuda alimsaliti, Petro akamkana mara tatu. Wote wawili walijuta: Mathayo anaeleza kwamba Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kuwa ameisaliti damu isiyo na hatia. Majuto hayakumpungukia. Alipeleka ungamo lake kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu kwamba hilo si shauri lao, akaondoka akajinyonga. Petro alitoka nje akalia, lakini akabaki na wenzake hadi siku ya tatu. Kanisa halijatamka kwamba Yuda yuko motoni, nami sitalitamka. Ninachosema ni kwamba hapa ndipo imani na huruma zinapoonekana zinavyoshikana. Imani katika Kwaresima ni kuthubutu kubaki mahali ambapo msamaha unaweza kukukuta.

Na ulimkuta. Yohane anasema Petro alipomkana Yesu alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuko, kando ya ziwa, Petro anaruka kutoka chomboni, anafika pwani, anakuta tena moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Katika Agano Jipya moto wa makaa unatajwa mahali hapo pawili tu. Yesu hamuulizi kwa nini ulinikana. Anamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila akijibu anakabidhiwa kondoo. Petro alihuzunika kwa swali la tatu, na haki yake: huruma haikuruka juu ya lile kosa, ililigusa mara tatu, kama lilivyotendwa, kisha ikampa kazi.

Kwenye Kesha la Pasaka, shemasi akiimba Mbiu ya Pasaka mbele ya mshumaa mpya, kuna mstari unaolitaja kosa la Adamu kuwa lenye heri kwa sababu lilituletea Mkombozi wa namna hii. Ni maneno ya kuthubutu. Hayasifu dhambi; yanasema Mungu hata kwenye kifusi hujenga.

Siku nane baadaye ni Dominika ya Huruma ya Mungu, jina ambalo Mtakatifu Yohane Paulo II aliliweka rasmi tarehe 30 Aprili 2000, siku alipomtangaza Sista Faustina Kowalska wa Poland kuwa mtakatifu. Faustina alikuwa mpishi, mtunza bustani na mlinda mlango wa konventi, akafariki Kraków mwaka 1938 akiwa na miaka 33. Picha ya Yesu yenye miale miwili, mwekundu na mweupe, inatokana na maono yake ya Februari 1931 mjini Płock, na Rozari ya Huruma husaliwa na wengi saa tisa alasiri, saa ya kifo cha Yesu. Ibada hii haikupokelewa kirahisi: mwaka 1959 Roma ilizuia kuieneza kwa namna ilivyokuwa ikitolewa, zuio likaondolewa mwaka 1978. Mpaka leo maono ya Faustina ni ufunuo wa binafsi, mwamini halazimishwi kuyaamini. Injili ya Dominika hiyo, Yohane 20, ndiyo msingi wenyewe: milango imefungwa, walioko ndani ni waliokimbia, na neno la kwanza la Mfufuka ni "Amani iwe kwenu". Papo hapo anawavuvia na kuwapa mamlaka ya kuondolea dhambi.

Na aliyeipoteza Kwaresima nzima, hakufunga, hakusali, hakuungama? Kipindi cha Pasaka kina siku hamsini, hadi Pentekoste, na kitubio hakifungwi Jumamosi Kuu. Makanisa mengi ya Mashariki, yakiwemo yale yaliyo katika umoja na Roma, husoma usiku wa Pasaka hotuba inayohusishwa na Mtakatifu Yohane Krisostomo. Inawaita mezani waliofunga na wasiofunga, aliyefika saa ya kwanza na aliyefika saa ya kumi na moja, na wote wanaambiwa washangilie.