Mradi wa Kijiji Hudumu kwa Daftari na Ufunguo

Mkazi wa Nairobi ambaye kwao ni Makueni, Siaya au Kwale hahitaji kuelezwa mchango wa kijijini ni nini. Ujumbe huingia simuni jioni akiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani: kikundi kinajenga bwawa, kinakarabati kisima au kinapanda miti kando ya mto, na nambari ya kutuma pesa imeandikwa chini. Wengi hutuma, na hufanya vyema kutuma. Lakini katika miaka ambayo nimefanya kazi ya kuwafunza viongozi wa vikundi, nimeona kwamba ukubwa wa mchango na wingi wa watu siku ya uzinduzi hautuambii mengi kuhusu hali ya mradi huo miaka mitano baadaye. Ukitaka kujua kama utadumu, uliza mambo mawili ambayo hayapigwi picha: daftari linaloonyesha nani amefanya nini, na ufunguo ulio mikononi mwa mtu anayejulikana.

Kazi ya pamoja ni ya kale kwetu. Wakamba huiita mwethya, Wakikuyu ngwatio, Abagusii risaga, na Kiswahili kina neno ujima. Katika mwethya wa zamani hapakuwa na haja ya ripoti, kwa kuwa waliolima shamba la jirani walijuana kwa sura, na asiyefika bila sababu alijua kwamba zamu yake ikifika huenda akalima peke yake. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliufanya wito wa Harambee kuwa wa taifa zima. Neno hilo limo katika nembo ya nchi yetu, na shule nyingi za sekondari mashambani zilijengwa kwa nguvu hiyo. Hata hivyo, mchango ulipoanza kutoka kwa watu walio mbali, na kwa fedha badala ya jasho, uwezo ule wa kuonana ana kwa ana ulipungua. Daftari la kikundi limechukua nafasi ya macho ya majirani, na ndiyo maana nalitilia mkazo kuliko hotuba.

Nitautazama mradi wa aina moja kwa karibu, nao ni bwawa la mchanga, ambalo Ukambani limejengwa na vikundi vingi katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui. Mito mingi ya huko ni ya msimu: hufurika kwa saa au siku chache baada ya mvua, kisha hubaki mkufu wa mchanga mkavu. Kikundi hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yanayofuata hubeba mchanga na kuutua nyuma ya ukuta, huku udongo mwepesi ukipita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja wa mvua, wakati mwingine miwili au mitatu, mchanga hujaa hadi ukingo wa ukuta, na ndani yake, kati ya chembe na chembe, hukaa maji ambayo jua haliyafikii kwa urahisi na ambayo yamechujwa kwa kiasi fulani na mchanga wenyewe. Watu huyachota kwa kisima kifupi chenye pampu ya mkono kilichochimbwa kando.

Kwa macho ya mgeni, kazi ni ule ukuta. Kwa mwanakikundi, ukuta ni sehemu ya mwisho tu. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, mawe hukusanywa kwa wiki nyingi, mengi yakibebwa kwa mikono na mgongoni, na mara nyingi wabebaji wengi huwa wanawake. Fundi huhakikisha kwamba msingi umekaa juu ya mwamba na kwamba mabawa ya ukuta yameingia ndani ya kingo za pande zote mbili, kwa maana mto usiozuiwa vizuri pembeni huchimba njia mpya na kuuacha ukuta umesimama peke yake. Wenye mashamba ya pande zote mbili hupaswa kukubali kwa maandishi kwamba watu watapita kwao kufuata maji. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji huombwa, na matakwa ya mamlaka ya mazingira, NEMA, hufuatwa. Halafu, jambo ambalo wafadhili wengi husahau, ardhi iliyo juu ya mto huchimbwa matuta. Matuta ya fanya juu, ambayo jina lake la Kiswahili hutumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi, huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu ili ujenge kingo. Kadiri misimu inavyopita, shamba hujitengenezea ngazi. Bila matuta hayo, mvua huleta tope badala ya mchanga, na bwawa lililojaa tope halitoi maji ya maana.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia, na si kwa mchango pekee. Mchanga unaoshika maji ya Ukambani ni ule ule unaotafutwa kwa ujenzi wa majumba yetu ya jijini. Malori yakiuchota mtoni usiku, yanabeba ghala la maji la kijiji pamoja na mchanga. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu, mtu anayejenga Nairobi na kumuuliza muuzaji mchanga umetoka mto gani, na kama umechotwa kwa kibali, anakisaidia kikundi cha mashambani kuliko anayetuma shilingi mia tano na kujenga kwa mchanga wa wizi.

Sasa turudi kwenye daftari. Nimewahi kuketi chini ya mti na kikundi kilichokaribia kuvunjika wakati bwawa lao lilikuwa limekamilika na maji yapo. Ugomvi ulikuwa kuhusu nani ana haki ya kuchota bure na nani alipie kila mtungi. Kila mtu alidai kwamba alibeba mawe. Katibu alifungua daftari la shule lenye kurasa zilizokwisha kukunjika pembe, na humo, kwa kila siku ya kazi, palikuwa na tarehe, majina, kazi iliyofanywa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na alama ya kidole au saini ya kila aliyefika. Walisoma kurasa hizo kwa sauti kwa muda unaokaribia saa mbili. Hakuna aliyepiga kelele tena. Waliokuwa na siku chache walikubali kufidia kwa kuchimba matuta msimu uliofuata, na wajane wawili ambao hawakuweza kubeba mawe waliandikwa kama wapishi wa siku za kazi, jambo ambalo tangu mwanzo lilistahili kuhesabiwa.

Daftari la namna hiyo lina faida nyingine. Kikundi kinapoomba ufadhili, mara nyingi huulizwa kimechangia nini chenyewe, na viongozi hutaja fedha kidogo zilizo benki huku wakisahau jasho. Chukua idadi ya siku za kazi zilizoandikwa, uzidishe kwa malipo ya kibarua wa siku moja katika eneo hilo, na utaona kwamba mchango wa kijiji ni mkubwa sana kuliko ulivyodhaniwa. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huifyonza na kuihifadhi, umefika ulipo kwa sababu ya kuhesabu: hekta 117 za mikoko hulindwa na kupimwa, takribani tani 3,000 za kaboni dioksidi huuzwa kila mwaka, na mapato huelekezwa kwenye mahitaji ya wenyeji kama maji na shule. Kama hakuna aliyehesabu miti, hakuna ambaye angeinunua kazi yao.

Ufunguo una kisa chake pia. Pampu nyingi za mkono hufungwa kwa kufuli saa fulani ili kisima kipumzike na pampu isichezewe na watoto. Anayeshika ufunguo anapaswa kujulikana kwa jina, awe na msaidizi, na aseme mapema anaposafiri. Nimefika kwenye kisima kizima, chenye maji, ambacho akina mama walikuwa wamekipita na kwenda kuchimba mashimo mtoni, kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda mazishini na hakumwachia mtu.

Zaidi ya ufunguo kuna vipuri. Pampu ya Afridev, ambayo ilibuniwa na kujaribiwa Malawi na hapa Kenya katika miaka ya 1980, iliundwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuifungua na kubadilisha mpira wake wa ndani kwa zana chache. Katika mradi wa pampu za mkono ulioanza Kwale mwaka 1983, wanawake walifunzwa kuzitengeneza wenyewe, na kamati za maji zikahimizwa kuweka akiba ya ukarabati. Sababu ni nyepesi: pampu ikikatika, anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji kwingine ni mama, kwa hiyo yeye ndiye mwenye haraka ya kuitengeneza. Kikundi ambacho kamati yake ya maji ina wanaume watupu hupoteza haraka hiyo. Vilevile kikao kikiitwa saa ambazo akina mama wako jikoni au wanakamua, maamuzi hufanywa bila wanaoyategemea zaidi, hata kama majina yao yamo kwenye orodha.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi, katiba yake, kumbukumbu za kikao kilichokianzisha na viongozi waliochaguliwa. Shughuli hiyo hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Cheti kina muda wake na huhitaji kuhuishwa. Kikundi kisicho na cheti halali hupata shida kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, na hapo ndipo fedha huanza kupitia simu ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Uaminifu wake haumlindi dhidi ya maneno. Akaunti yenye watia saini watatu humlinda.

Wapo pia wanaotoka Nairobi kwenda kujitolea wenyewe, na idadi yao huongezeka karibu na tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea. Nawashukuru, na nawaomba waulize kwanza. Kupanda miti ndiyo shughuli inayopendwa zaidi, na ndiyo inayofeli kwa urahisi zaidi. Vikundi vya wanawake vilivyofanya kazi na Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, vilipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika, na humo mna hekima kubwa: mti uhesabiwe baada ya kiangazi. Kundi la wageni linaloshuka kwenye basi, kupanda miche mia tatu kwa asubuhi moja na kuondoka huacha wenyeji na kazi ya kumwagilia miche mia tatu kwa maji ambayo wao wenyewe wanayafuata mbali. Ni heri miche arobaini ambayo kila mmoja una jina la mtu wa nyumba iliyo karibu. Na kama mgeni ana ujuzi wa uhasibu, wa kuandika barua za maombi au wa kutengeneza pampu, siku mbili za kukaa na katibu au na fundi wa kijiji zina thamani kuliko asubuhi nzima ya kuchimba mashimo ambayo vijana wa pale wangechimba kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo ujumbe ukiingia tena simuni, mjibu mwenyekiti kwa heshima na umwombe mambo machache: picha ya cheti, jina la akaunti ya kikundi, ukurasa wa mwisho wa daftari la kazi, jina la anayeshika ufunguo na kiasi kilichotengwa kwa vipuri. Kikundi kilicho imara hakikasiriki kwa maswali hayo. Mara nyingi katibu hujibu kabla ya usiku kuingia, kwa fahari. Kikundi kichanga kisichokuwa na majibu pia kisitupwe. Kitumie mchango wako wa kwanza kununua daftari la jalada gumu, kidau cha wino wa alama za vidole na kufuli lenye funguo mbili, halafu uchange saruji baadaye. Na kama unataka kubeba mawe mwenyewe, kumbuka kwamba Ukambani mvua ya vuli, ambayo wakulima wa huko huitegemea zaidi kuliko masika, huanza kunyesha kati ya Oktoba na Novemba, na ukuta unapaswa kuwa umekauka kabla mto haujafurika. Zungumza na kamati mwezi wa Juni, mto ukiwa mkavu na mawe bado yako mlimani.