Mvua chini ya wastani haimaanishi mwezi umeharibika

Ripoti ya hali ya hewa ya mwezi wa kiangazi (yaani majira ya joto ya nchi za kaskazini, kama Julai) ikitoka na kusema mvua imefika asilimia 70 tu ya wastani, watu wanaanza oh hali ya hewa imeharibika, kana kwamba wastani ndo kiwango ambacho kila mwezi ulitakiwa ukifikie. Hapana jamani. Huo wastani ni hesabu ya miaka 30, kwa sasa nchi nyingi zinatumia 1991 hadi 2020, unajumlisha Julai zote 30 unagawa kwa 30 basi, na inawezekana kabisa hakuna hata Julai moja iliyogonga namba yenyewe.

Kwenye mvua ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Mvua za kiangazi sehemu nyingi zinakuja na radi, zinapiga hapa na kilomita chache mbele pakavu kabisa, halafu miaka miwili mitatu ya mafuriko inatosha kuuvuta wastani juu, kwa hiyo miezi mingi inaangukia chini yake na huo sio ukame.

Joto halirukiruki hivyo. Digrii 2 juu ya wastani kwa mwezi mzima ni jambo zito kweli, hata kama kwa siku moja usingeshtuka.

Na hiyo miaka 30 ya kipimo yenyewe inasogezwa kila baada ya miaka 10 (hili wengi hawaambiwi na linanikera sana), na kwa vile dunia imezidi kupata joto, mwezi unaoitwa wa kawaida leo, kwa kipimo cha 1961 hadi 1990 sehemu nyingi ungehesabiwa wa joto.