Ishara za mikono si za Kodály
Walimu wengi wa muziki huamini kuwa Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria (1882–1967), ndiye aliyebuni ishara za mikono zinazoonyesha sauti za do, re, mi. Sivyo. Ni za John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, aliyeeneza pia nota za solfa, zinazoandikwa kwa herufi kama d, r, m, ambazo kwaya nyingi za Afrika Mashariki huzisoma hadi leo. Kodály alizichukua tu, na mwanafunzi wake Jenő Ádám akasaidia kuzipangia mafunzo.

Mchango wa Kodály mwenyewe ni mzito zaidi, na inasikitisha ukisahaulika: tangu 1905 alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, kisha akasisitiza mtoto aanze kwa kuimba nyimbo za kwao, kabla ya kushika ala yoyote.