Skedyula haisomi kodi yako: uongo tunaoambizana kuhusu jobu za klasta

Ukikaa na watu wa takwimu wanaotumia klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja) utasikia mambo yanasemwa kwa uhakika kabisa, na mengi sio kweli. Hapa naongelea Slurm, ambayo ni skedyula, yaani programu inayopanga foleni ya jobu (kazi unazotuma klasta) na kuzigawia mashine, na R, lugha ya programu za takwimu, kwa sababu ndo ziko mikononi kila siku, ila wewe wa Python soma tu, mengi ni yaleyale.

Eti ukiomba kori 32 kazi inaenda mara 32

Hapana. Kodi (maagizo ya programu unayoandika) ya kawaida ya R inatumia kori moja, yaani kiini kimoja cha prosesa, moja tu. Ukiandika `--cpus-per-task=32` Slurm inakutengea hizo 32 na hapo kazi yake imeisha, ni kama mtu wa mapokezi gesti, anakupa funguo za vyumba lakini habebi mizigo yako. Kama ndani ya skripti una `for` ya kawaida, inayorudia hatua moja baada ya nyingine, kori 31 zitapiga miayo mpaka jobu iishe huku wenzako wako kwenye foleni wanazililia. Lazima wewe mwenyewe uiambie R igawe kazi, kwa `mclapply` au `parLapply` za pakeji ya `parallel`, ambayo inakuja na R yenyewe tangu toleo la 2.14.0 mwaka 2011, kwa hiyo kisingizio cha kushindwa kuinstoli hamna.

Na hata ukishagawa, mara 32 sahau. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alishalisema hili mwaka 1967: sehemu isiyogawanyika ndo inakuwekea ukomo. Tuseme asilimia 10 ya kazi yako ni kusoma data na kuunganisha matokeo, vitu vinavyofanywa na kori moja. Kori 16 zitakupa kasi ya mara 6.4, kori 32 mara 7.8 hivi, na hata upewe 1000 hufiki mara 10. Kwa hiyo kabla ya kuomba nodi (mashine moja ya klasta) nzima, pima kwanza na kori 4 halafu 8 uone kama inalipa.

Halafu kuna wanaoandika `--ntasks=32` wakidhani ni kitu kilekile. Task hapa ni prosesi, yaani programu inayojiendesha kivyake, na prosesi 32 zinaweza kutawanywa kwenye nodi tofauti, huko `mclapply` haifiki kwa sababu yenyewe inazaa prosesi watoto ndani ya mashine moja tu. Ukiongeza `srun` (amri ya Slurm ya kuendesha task) mbele ya `Rscript` ndo balaa, skripti ileile itaendeshwa mara 32, zote zinafanya kitu kimoja na zinagombania faili moja la matokeo.

Eti `detectCores()` inajua umepewa kori ngapi

Hii inanikera kuliko zote maana imejaa kwenye mifano ya watu. `detectCores()` inahesabu kori za mashine nzima, haijali Slurm imekupa nini. Nodi ina 64, wewe umeomba 4, ukiitumia namba hiyo kugawa kazi R inaita vibarua 64 (prosesi wasaidizi) waje kugombania kori 4, na kila kibarua anataka memori yake. Jobu inakuwa ya polepole kuliko ungeiacha bila kuigawa, au inauawa kabisa kwa kuzidisha memori. Tumia `as.integer(Sys.getenv("SLURM_CPUS_PER_TASK"))`, ila ujue hiyo inakuwepo pale tu ulipoandika `--cpus-per-task`. Au chukua `parallelly::availableCores()` ambayo inaelewa mambo ya skedyula.

Na hapo kuna mtego wa ndani zaidi. Kama R yako imeunganishwa na OpenBLAS, maktaba ya hesabu za matriksi, hesabu hizo zenyewe zinafungua thredi zake (nyuzi za kazi ndani ya prosesi moja) bila kukuuliza. Vibarua 16, kila mmoja thredi 16, hizo ni 256 zinabanana. Weka `export OPENBLAS_NUM_THREADS=1` kwenye skripti kabla ya kuita R, yamekwisha.

Eti nimeweka `set.seed(123)` kwa hiyo niko salama

Hii ndo hatari yenyewe kwa sababu haitoi eror yoyote. Chukua jobu arei ya `--array=1-100`, yaani skripti moja inaendeshwa mara 100 na kila mara inaitwa task, kila moja inafanya bootstrap (kuchota sampuli upya kutoka kwenye data yako) mara 100, na juu ya skripti kuna `set.seed(123)`, mbegu ya kuanzishia namba nasibu. Mwisho unaunganisha mafaili, una mistari 10,000, histogramu inapendeza, unafurahi. Sasa andika `length(unique(matokeo$beta))` uone: 100. Sampuli zako ni 100 tu zilizorudiwa mara 100, maana kila task imeanza na mbegu ileile ikatoa namba nasibu zilezile. Ukipiga hesabu ya kosa la Monte Carlo (kosa linalotokana na idadi ya marudio yako) unagawa kwa mzizi wa 10,000 wakati ulitakiwa kugawa kwa mzizi wa 100, yaani kosa linaonekana dogo mara 10 kuliko lilivyo. Na mhakiki wa makala yako hawezi kuliona hilo kwenye jedwali.

Dawa nyepesi ni kuingiza `SLURM_ARRAY_TASK_ID` (namba ya task) kwenye mbegu ili kila task iwe na yake. Dawa nzuri zaidi ni jenereta ya namba nasibu ya L'Ecuyer, `RNGkind("L'Ecuyer-CMRG")`, halafu kila task ichukue mkondo wake wa namba kwa `nextRNGStream`, mikondo hiyo imeachana hatua 2^127 kwa hiyo usiwaze kuhusu kugongana. Ndani ya `mclapply` pia weka hiyo `RNGkind` kabla ya `set.seed`, bila hivyo vibarua watapata namba tofauti sawa, lakini kesho ukirudia hupati matokeo ya jana. Kwa `parLapply` kuna `clusterSetRNGStream`.

Eti omba muda na memori nyingi, heri izidi

Kwenye klasta nyingi skedyula inajaza mapengo: kama kuna nodi iko wazi kwa saa 3 ikisubiri jobu kubwa ianze, jobu yako ya saa 2 inapenyezwa hapo. Ukiandika siku 7 kwa jobu ya saa 2, unakaa foleni bure. Angalia `sacct` (amri ya kumbukumbu za jobu) ya jobu iliyopita, safu ya `MaxRSS` (memori ya juu iliyotumika) na `Elapsed` (muda uliotumika), ongeza kidogo, tuma.

Ila soma vipimo vizuri. `--mem=8` sio gigabaiti 8, ni megabaiti 8, na R haitafika mbali na hizo, andika `8G`. Na `--time=2:00` ni dakika 2 wala sio saa 2, saa 2 ni `2:00:00`.

Eti kadiri jobu zinavyokuwa ndogo na nyingi ndo usambamba wenyewe

Task ya sekunde 5 inatumia muda mwingi kuwasha R na kupakia pakeji kuliko kupiga hesabu yenyewe. Zifunge pamoja, kila task ifanye marudio mia kadhaa. Pia arei ina ukomo, kwa seti ya kawaida ya Slurm namba ya juu kabisa ni 1000 ingawa maadmini wanaweza kuibadilisha. Na ukiandika `--array=1-1000%50` zinakwenda 50 kwa wakati mmoja, disiki ya pamoja inapumua na watu hawakuchukii.

Eti ukishatuma jobu, kodi yako imeshahifadhiwa

Nusu kweli. `sbatch`, amri ya kutuma jobu, inachukua nakala ya skripti ya bash pale pale unapotuma, hiyo ibadilishe utakavyo, jobu iliyoko foleni haijali. Lakini `uchambuzi.R` inayoitwa humo ndani inasomwa jobu ikianza. Ukituma saa 4 asubuhi, ukaihariri saa 6, jobu ikaanza saa 8, imeendesha toleo la saa 6. Na kwenye arei inawezekana task 1 hadi 40 zimetumia kodi ya zamani na zilizobaki mpya, ndani ya folda moja ya matokeo. Kopi `uchambuzi.R` kwenye folda ya hiyo jobu kabla ya kutuma, na skripti ya bash iite hiyo kopi.