Kutokuwa na homa ya ini B hakumaanishi ini lako ni salama

Kila Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, watu hupanga foleni kupima virusi vya homa ya ini B. Ni jambo jema, na ambaye hajapima akapime. Tatizo ni pale mtu anapoambiwa hana virusi, akarudi nyumbani akiamini saratani ya ini haimhusu tena. Kama ana kisukari au kitambi, bado hajamaliza kupima.

Katika nchi zetu homa ya ini B bado ni chanzo kikuu cha saratani hiyo, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga huongeza hatari. Lakini ugonjwa wa ini lenye mafuta unaongezeka. Duniani, saratani za ini zinazotokana na ini lenye mafuta lililovimba zilikadiriwa kuwa asilimia 8 mwaka 2022, na zinatarajiwa kufika asilimia 11 mwaka 2050. Hatusemi kila mwenye mafuta kwenye ini atapata saratani. Wengi hawafiki huko. Kwa baadhi yao ini huvimba, hujaa makovu, kisha husinyaa. Saratani nyingi huota kwenye ini lililofikia hali hiyo, ingawa kwa ugonjwa huu huweza kutangulia hata kabla ini halijasinyaa.

Kila siku tunaulizwa, "Mbona mimi sili chipsi?" Mafuta ya ini hayatoki kwenye kikaango peke yake. Ini lenyewe hutengeneza mafuta kutokana na sukari iliyozidi, na chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari. Mwembamba naye huweza kuupata ugonjwa huu.

Anayestahili kuanza kupimwa ni mwenye kisukari cha aina ya pili, mwenye uzito mkubwa pamoja na shinikizo la damu au lehemu nyingi, na yeyote ambaye utrasaundi imemwonyesha mafuta. Kwa utrasaundi, usile kwa saa 6 hadi 8. Ukila, mfuko wa nyongo husinyaa na gesi tumboni huziba picha. Utrasaundi ikionekana safi isikulaze usingizi, kwani mafuta machache huyakosa.

Kisha hupigwa hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu ya ini kutokana na damu: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani (za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. AST na ALT ni vimeng'enya vya ini. Chukua mtu wa miaka 52, AST 38, ALT 36, chembe sahani 190. Katika maabara nyingi majibu hayo yote husomeka kuwa ya kawaida. Lakini 52 mara 38 ni 1,976. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, na 190 mara 6 ni 1,140. Gawanya 1,976 kwa 1,140. Jibu ni 1.73. Chini ya 1.3 hatari ya makovu ni ndogo. Kati ya 1.3 na 2.67, kama huyu, anahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Zaidi ya 2.67 apewe rufaa kwa daktari bingwa. Kwa waliopita miaka 65 tunaanzia 2.0 badala ya 1.3, na chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki. Kwa hiyo daktari akikuambia "vimeng'enya viko sawa", mwombe akupigie hesabu hii.

Na ini halisafishwi. Chupa zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha ini haziondoi makovu, na baadhi ya mitishamba huliunguza ini zaidi. Kinachoondoa mafuta ni kupungua uzito: mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 hadi 5, mafuta hupungua, akifika kilo 9, hata makovu huweza kulegea. Ashuke nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, asijinyime chakula ghafla. Pombe aiache.

Ini likishasinyaa, utrasaundi hurudiwa kila miezi 6, mara nyingi pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini, hata kama hakuna maumivu. Uvimbe wa sentimita 2 hauumi, na ndio unaoweza kukatwa au kuunguzwa ukaisha. Njoo na picha na karatasi zote za awali, kwa sababu daktari hulinganisha doa la leo na la miezi 6 iliyopita.