Ukubwa wa dau katika mashindano ya blackjack

Kwenye meza ya kawaida ya kasino, mchezaji wa blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuzidi, anapambana na kasino peke yake. Jirani akishinda au akifilisika, hayamhusu. Kwenye mashindano wote huanza na chipu (vipande vinavyochezewa badala ya pesa) sawa, idadi ya migao, yaani mizunguko ya kugawa karata, hujulikana mapema, na mwishoni huangaliwa nani amebaki na nyingi. Unaweza kumaliza na chipu pungufu ya ulizoanza nazo na bado ukasonga mbele, mradi wenzako wamepoteza zaidi.

Kupanga ukubwa wa dau, basi, ni kujiuliza hivi kabla ya kila mgao: nikiweka kiasi hiki nikashinda, nikapoteza au nikatoka sare, nitasimama wapi mbele ya mpinzani wangu wa karibu? Chipu za mwenzako ndizo zinazokuambia uweke ngapi. Anayezitazama karata zake tu anacheza nusu ya mchezo.

Tuchukue mgao wa mwisho. Wamebaki wawili wenye nafasi: aliye mbele ana chipu 1,000, anayemfuata ana 900. Dau la juu ni 500, na chipu ndogo kuliko zote ni ya 5.

Tuseme wa nyuma ndiye anayetangulia kuweka, na anaweka 500. Aliye mbele aweke 405. Wakishinda wote, yeye ana 1,405 na mwenzake 1,400. Wakipoteza wote, yeye ana 595 na mwenzake 400. Anapitwa hasa yule akishinda na yeye akashindwa kushinda, yule akitoka sare na yeye akapoteza, au yule akipata blackjack yenyewe, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, ambayo kwa kawaida hulipwa 3 kwa 2 (dau la 500 huleta 750). Hiyo ndiyo kumfunika mpinzani: dau lako linafanana na lake, kwa hiyo karata za mgawaji zikiwabeba au zikiwaangusha wote pamoja, pengo linabaki upande wako.

Sasa geuza zamu. Aliye mbele ndiye anayeanza, na kwa kujiamini anaweka 500. Amekosea sana. Wa nyuma anaweka 395 tu. Aliye mbele akipoteza anabaki na 500, na mwenzake hata naye akipoteza anabaki na 505. Katika blackjack mchezaji hupoteza karibu asilimia 49 ya migao, hushinda karibu 43, na iliyobaki ni sare. Kwa hiyo dau lile kubwa limemkabidhi mpinzani karibu nusu ya nafasi, hata kabla ya kuhesabu sare.

Angeweka 95, hadithi ingekuwa nyingine. Akipoteza ana 905, bado juu ya 900. Wa nyuma sasa hana njia ila kushinda mgao wake mwenyewe, na hiyo ni ile asilimia 43. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mashindano huamuliwa na tofauti za namna hiyo.

Kwa aliye nyuma kanuni inapinduka. Kuweka dau sawa na kiongozi hakumsaidii, maana wakishinda au wakipoteza pamoja, pengo linabaki lile lile. Inambidi aende kinyume: kiongozi akiweka kubwa yeye aweke dogo, na kiongozi akiweka dogo yeye aweke kubwa. Tena asisubiri mgao wa mwisho. Akianza kushambulia mizunguko minne au mitano kabla, hata kiongozi akimjibu, bado ana nafasi ya kujaribu tena.

Mizunguko ya mwanzo haina mengi. Ukiwa karibu na wenzako, dau dogo linatosha, uwaache wenye haraka wafilisike.

Zamu ya mwisho ya kuweka dau ina thamani kubwa kwa sababu unaona ya wenzako kwanza, ndiyo maana zamu ya kuanza huzungushwa mezani. Ultimate Blackjack Tour, iliyoonyeshwa na televisheni ya CBS nchini Marekani mwaka 2006, iliwapa wachezaji nafasi moja ya kuweka dau la siri. Mwenye chipu chache zaidi alitolewa baada ya mgao wa 8, wa 16 na wa 25, na mechi iliisha kwenye wa 30. Kwa mfumo huo, pa kulitumia dau la siri ni kwenye mgao wa mchujo unapolazimika kuanza: wanaokufuata wanakosa namba ya kupigia hesabu.