Nusu Mtu Kwenye Bodi ya Bustani

Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilipotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, walioinuka kupinga ni mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake. Walitukanwa hadi bungeni, lakini mradi ukafa. Tangu hapo swali langu ni hili: bustani ikivamiwa kesho, ni nani aliye mezani wa kusema hapana?

Kazi yangu ni kushauri kaunti kuhusu uteuzi wa bodi na kamati, na za bustani ndizo hunikosesha usingizi. Soko lina wenye vibanda wa kulipigania. Bustani ni ya wote, basi inaishia kuwa ya waliozoea vikao.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina masharti yake kuhusu bodi kama hizi. Kifungu cha 27(8) hakitaki jinsia moja izidi theluthi mbili, na cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya wajumbe, hatua kwa hatua, wawe watu wenye ulemavu. Sasa chukua bodi ya watu tisa. Wanaume hawapiti sita, hilo ni wazi. Lakini asilimia 5 ya tisa haifiki hata nusu mtu, na nimewahi kumsikia ofisa akisema, bila kutabasamu, kwamba basi hakuna anayehitajika. Nilimwambia nusu mtu sijawahi kumwona, ateue mmoja mzima.

Hata ukitimiza hayo yote, unaweza kupata watu tisa wanaofanana kama mayai: wenye magari, wa mtaa mmoja, wanaoijua bustani ya Jumapili asubuhi tu. Ndiyo maana kabla tangazo la nafasi halijaandikwa huomba mtu akae bustanini kutwa nzima na daftari. Pale Jeevanjee, bustani ya katikati ya Nairobi, atakuta wahubiri wa saa saba mchana na wabishi wa siasa chini ya miti. Uhuru Park, wapiga picha. Kila saa ina wenyewe, na kila kundi lipewe nafasi ya kupendekeza mtu wake. Si jambo geni. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilishazitambua sekta ya jua kali na vyama vya wakaazi kwenye uteuzi wa bodi za miji.

Kisha tangazo linatoka: shahada, uzoefu wa miaka kumi, rundo la vyeti vya uadilifu. Mpiga picha ameshachujwa kabla hajasoma mstari wa tatu.

Na uteuzi wenyewe hautoshi. Kwenye kamati moja niliyoihudumia, mama muuza mahindi alihudhuria mara mbili akatoweka. Vikao vilikuwa Jumanne asubuhi, kumbukumbu zikiandikwa kwa Kiingereza, na posho ikichelewa miezi. Tulihamisha kikao hadi Jumatatu jioni baada ya biashara, tukaandika kwa Kiswahili, nauli ikalipwa papo hapo. Akarudi. Alichouliza kwanza ni kwa nini choo cha bustani hufungwa saa kumi, ilhali watu huanza kujaa saa kumi na moja. Katika miaka miwili ya vikao, hakuna aliyekuwa ameligusa swali hilo.